Saa 11 Alfajiri ni ya Nani?

Yakhe, kama una miaka kati ya 15 na 25 na una simu, basi ushaambiwa uamke saa 11 alfajiri. Ushaambiwa na yule jamaa wa mazoezi anayejimwagia maji ya barafu. Ushaambiwa na tajiri wa Nairobi ambaye biashara yake haieleweki. Ushaambiwa na kitabu cha Robin Sharma cha mwaka 2018, ambacho kimeigeuza saa hiyo ikawa klabu kabisa, na watu duniani wanajitangaza kuwa wanachama. Amka kabla ya watu, fanyia kazi ndoto yako, wenzako wakianza siku wewe ushamaliza.

Mimi naamka saa hiyo. Natunga nyimbo, na vile vipande vya muziki vya kuweka nyuma ya video, na karibu kila kitu nilichowahi kumaliza nimekimaliza kabla jua halijatoka hapa Ukunda. Kwa hivyo siji kuipinga alfajiri. Nakuja kusema ule ushauri ni nusu. Wanakwambia uamke saa ngapi. Hakuna anayekuuliza hiyo saa ni ya nani.

Tutafika hapo. Kwanza tuelewane kwa nini asubuhi inafaa kwa anayetunga muziki, manake hakuna uchawi.

Asubuhi ya huku kwetu

Kutunga kunataka masikio, kimya kiasi, na kichwa ambacho bado hakijajazwa na watu wengine. Ukunda saa 4 asubuhi huna hata kimoja. Tuktuk na bodaboda zishajaa barabarani, duka la simu limetoa spika nje, fundi anakata grili, jirani ana watoto watatu na redio mbili. Saa 8 mchana chini ya mabati hukaliki, na ukiwasha feni, feni nayo yaingia kwenye rekodi. Jioni ni jamaa na mpira. Usiku, kwa anayefanya kazi kwenye hoteli za Diani, ndio kwanza zamu inaanza.

Saa 11 alfajiri ni kitu kingine. Kuna baridi kidogo. Sauti zipo, lakini ni za kuvumilika: jogoo, mbwa wa mbali, na kama uko karibu na miti, komba akilia kama mtoto mchanga. Unaweza kusikia noti moja ya kinanda ikifa polepole mpaka mwisho. Mchana hiyo noti hufiki mwisho wake.

Halafu sisi tuna bahati ambayo hao waandishi wa klabu hawana. London, mwezi wa Juni jua latoka kabla ya saa 11 alfajiri, na Desemba latoka saa 2 asubuhi. Mtu wa huko akipanga kuamka na mwanga, mpango wake unavunjika mara mbili kwa mwaka. Kwale tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua latoka karibu na saa 12 na robo, likizidi ama kupungua dakika kumi na kitu. Giza lako la alfajiri la Januari ndilo la Julai. Ukijenga mazoea, dunia haikutingishi.

Kuna na masikio. Ukishinda kwenye kelele, ama ukitoka kucheza mahali pana spika kubwa, masikio hufifia kwa muda, na hayo ndiyo masikio unayotaka kuamulia besi yako ni nzito kiasi gani. Usingizi huyapumzisha. Ile biti iliyokuwa tamu saa 7 usiku, isikize tena alfajiri. Utajua ukweli wake kwa sekunde kumi.

Ila sauti ya kuimba ni kinyume. Ukiamka tu, koo huwa zito, nyuzi za sauti zimevimba kidogo kwa kulala. Kwa hivyo alfajiri usirekodi sauti ya mwisho, na usilazimishe noti za juu. Guna. Imba chini chini. Jirani atakushukuru, na koo pia. Alfajiri ni ya kutunga. Kurekodi kuna wakati wake.

Na adhana? Swali hili naulizwa sana na wasio wa Pwani. Huku karibu na saa 11 adhana hutoka msikiti huu na ule, moja ikidakiana na nyingine. Unanyamaza. Wa kuswali anaswali. Asiyeswali anasubiri kwa adabu, hedifoni chini. Nimeona wazee wakisema alfajiri ni ya ibada si ya nyimbo, na siwezi kubishana na mzazi wa mtu juu ya dini nyumbani kwake. Nasema tu: ibada kwanza, halafu baada yake kuna karibu saa nzima kabla jua halijatoka. Na kazi ya kuandika mashairi na kuguna haimwamshi mtu.

Saa ambayo bado hujatumwa

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa nzito, na sitafuti pole ya mtu. Nalitaja kwa sababu moja: watu hudhani ukiacha chuo una masaa 24 yako mwenyewe. Wallahi ni kinyume. Mtu asiye na ratiba inayojulikana ndiye hutumwa na kila mtu. Mwenye kazi ana bosi mmoja. Mwenye chuo ana mhadhara, anaweza kusema niko darasani. Wewe uliye nyumbani ni wa kwenda Msambweni hospitali na bibi, wa kushika duka kidogo, wa kupokea mtoto shuleni, wa kwenda na fulani Mombasa kwa sababu "si uko tu". Hiyo "si uko tu" imeua nyimbo nyingi kuliko ukosefu wa studio.

Alfajiri ni nzuri kwa sababu bado hakuna aliyekutuma. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ambayo watu wanaandikia vitabu.

Lakini ile simu pia hukutuma. Ukifungua mtandao kabla hujatunga, wimbo wa kwanza utakaousikia ndio utakaoutunga. Utakaa na kinanda ukidhani umepata melodi, kumbe ni ile ya video uliyopita nayo dakika mbili zilizopita. Kwa hivyo weka hali ya ndege tangu usiku. Bando haliozi.

Dakika ngapi zinatosha

Watu huogopa kwa kudhani wanahitaji masaa matatu. Hebu tupige hesabu. Dakika 20 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni masaa 2 kwa wiki, na kwa mwaka ni masaa 104. Dakika 40 ni masaa 208. Sasa jiulize mwaka jana ulikaa na muziki wako masaa mangapi, si kuzungumzia muziki, si kutazama mtu akifundisha muziki, kukaa nao.

Mimi dakika 40 nazigawa hivi.

Usiku naacha kazi haijaisha. Nasimama katikati ya mstari, nikijua unaofuata ni upi, naandika neno moja kwenye karatasi. Asubuhi siulizi nianze wapi. Simu na hedifoni nachaji usiku huo huo, manake stima ya huku waijua.

Dakika 5 za kwanza hakuna kifaa. Napiga mdundo mapajani na kuguna mpaka mwili uamke.

Dakika 10 ni zoezi lenye kamba fupi. Kwa mfano noti tatu tu: tunga kitu kinachosikika kimekamilika kwa noti tatu. Ama natumia sengenya, ngoma ya Wadigo. Ina ngoma za ukubwa tofauti zinazojibizana, kuna upatsu wa chuma, na nzumari inapita juu. Ukiisikiza yote kwa pamoja utapotea. Chukua ngoma moja tu, ile ndogo tuseme, fuata hiyo peke yake wiki nzima mpaka uipige kwa vidole mezani. Wiki ya pili chukua nyingine. Ukifika ya tatu utaanza kuona jinsi kila mmoja anavyomwachia mwenzake nafasi, na hapo utakuwa umejifunza kupanga muziki bila kulipa kozi ya mtu.

Dakika 20 ni wimbo mmoja. Mmoja, si folda nzima. Tena sehemu moja ya huo wimbo: leo kiitikio, kesho ubeti wa pili.

Dakika 5 za mwisho narekodi kwa simu nilipofika, hata kama ni pabaya, nasema tarehe kwa mdomo, nazima. Nikiwa na siku ishirini za hizo rekodi, nasikia mwenyewe kama nasonga ama nazunguka.

Usingizi haukopeshwi

Hapa ndipo watu wa klabu ya alfajiri huanza kuzungumza haraka haraka.

Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza masaa 8 hadi 10 kwa mtu wa miaka 13 hadi 18, na masaa 7 ama zaidi kwa mtu mzima. Kwa hivyo wewe wa miaka 16 ukitaka kuamka saa 11, kitanda ni saa 3 usiku. Wewe wa miaka 22, saa 4. Ukilala saa 7 usiku ukaamka saa 11, hujajipatia saa ya muziki. Umeiiba kutoka kwenye kichwa hicho hicho unachotaka kitunge. Usingizi ndio unaowafanya vidole wakumbuke kile walichojifunza mchana. Ukiukata, unafanya mazoezi leo na kuyamwaga usiku.

Tena kwa walio sekondari mambo ni magumu zaidi. Ukiingia ubalehe, saa ya mwili husogea mbele: usingizi unakuja kwa kuchelewa na kuondoka kwa kuchelewa. Si uvivu, mama. Ndiyo sababu mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za vijana zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Wanafunzi wengi wa kutwa huku kwetu saa hiyo washamaliza somo la kwanza, na walikuwa barabarani giza halijaisha. Kijana huyo ukimwambia aongeze saa ya kutunga muziki kabla ya hapo, humsaidii. Mwambie atunge Jumamosi na Jumapili asubuhi. Siku mbili za kichwa kizima zashinda siku saba za kusinzia.

Na tusisahau dawa ya zamani ya Pwani: kulala kidogo baada ya adhuhuri. Bibi zetu hawakuhitaji daktari wa Marekani kujua hilo.

Mvuvi haulizi saa, huuliza maji

Kuna watu ambao saa 11 haitawafaa hata wafanyeje, na hawana kosa.

Ukiwa na ndugu mvuvi Gazi, Msambweni ama Shimoni, wajua maji hayafuati ratiba ya mtu. Maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kama dakika 50. Leo wanaingia baharini saa 11, baada ya siku chache ni saa mbili. Ikija bamvua kazi ni nyingine, ikija maji mafu ni nyingine. Kijana anayeshinda na hiyo kazi hawezi kusema "kila siku saa 11". Anachoweza kusema ni "kila siku kabla sijatoka" ama "kila siku nikisharudi nikaoga". Saa inasogea, mahali pake kwenye siku panabaki pale pale.

Vilevile wa hoteli. Kama zamu yako inaisha saa 8 usiku, alfajiri yako si ile ya watu wengine. Philip Glass, mtunzi wa Marekani anayesifiwa dunia nzima, alikuwa fundi bomba na dereva wa teksi New York. Alikuwa akimaliza zamu ya teksi usiku anarudi nyumbani kutunga hadi kunapambazuka, anawapeleka watoto shule, ndipo analala. Mwaka 1976 opera yake ilichezwa Metropolitan Opera, ukumbi mkubwa kabisa, na baadaye akarudi kwenye usukani wa teksi. Alikuwa na miaka 41 ndipo muziki ukamlisha peke yake. Huyo hakuamka mapema hata siku moja ya hizo. Alichokuwa nacho ni saa iliyofungwa mlango.

Kwa hivyo ukitaka kuamka saa 11, sawa. Lakini usimcheke anayeamka saa 5. Labda amelala saa 10.

Aliyemwamsha Trollope

Sasa tuje kwenye lile swali la mwanzo.

Watu wa klabu ya alfajiri wanampenda sana Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19. Alikuwa mfanyakazi wa posta. Kila siku saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa ya mfukoni mbele yake, akiandika maneno 250 kila robo saa, kwa masaa matatu, halafu ndio akajitayarisha kwenda kazini. Kwa mtindo huo aliandika riwaya 47. Mfano mtamu, si ndiyo?

Hawasomi mstari unaofuata. Trollope alikuwa na mtumishi mzee, na alimlipa pauni 5 zaidi kwa mwaka kwa kazi moja: kumwamsha na kumletea kahawa. Ni Trollope mwenyewe aliyeyaandika haya, tena akakiri kwamba pengine anamdai huyo mzee shukrani kuliko mtu mwingine yeyote. Fikiria vizuri. Ili bwana awe mezani saa 11 na nusu, mzee alikuwa ameamka kabla yake, amewasha moto, amechemsha maji. Yeye hakuandika riwaya.

Kila klabu ya alfajiri ina mtu kama huyo. Swali ni nani kwenu.

Huku kwetu mimi namjua. Ni mama wa mahamri, ambaye saa 10 alfajiri unga ushaumuka na mafuta yashapata moto, ili wewe uliyeamka "mapema" saa 12 upate mahamri na mbaazi. Ni dada anayepiga deki, anayechota maji kabla foleni haijawa refu, anayemvisha mdogo wake sare. Saa 11 hawa wako macho tangu zamani. Hakuna aliyewafanyia klabu. Hakuna aliyewaandikia kitabu kuwapongeza kwa nidhamu yao.

Serikali yetu yenyewe ilipima. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2021 kuhusu jinsi watu wanavyotumia muda ulionyesha wanawake wanafanya kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa karibu mara tano ya wanaume. Mara tano, yakhe. Kwa hivyo ukiwaambia vijana wote "amka saa 11 utunge", kijana wa kiume anasikia nafasi, msichana anasikia "amka saa 9", kwa sababu saa 11 tayari ina mwenyewe.

Ndio maana ninapoulizwa mbona maprodyuza na watunzi wa huku wengi ni wavulana, siulizi kuhusu kipaji. Nauliza nani aliwasha jiko.

Najua jibu litakalokuja: mwenye kutaka hatafuti sababu. Na kweli wapo waliopenya. Siti binti Saad wa Zanzibar aliuza vyungu vilivyofinyangwa na mamake, akitembea navyo na kuvinadi kwa sauti. Hiyo sauti ya kunadi vyungu ndiyo iliyokuja kurekodiwa Bombay mwaka 1928, na kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa na santuri yake. Karibu zaidi na sisi, Nyota Ndogo amesimulia mwenyewe hadharani kwamba alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu kabla jina lake halijajulikana. Wote hawa walifanya mazoezi mikono ikiwa na kazi nyingine.

Na njia hiyo ipo hata leo, naitumia. Kukuna nazi juu ya mbuzi kuna mdundo wake. Kukanda unga kuna mdundo wake, wa polepole, mzito. Weka simu kwenye rafu mbali na mvuke, bonyeza rekodi, guna. Nina viitikio viwili vilivyozaliwa jikoni na sivionei haya.

Lakini usinielewe vibaya. Hiyo ni njia ya kupita, si haki yako yote. Siti ni mmoja. Ukimtaja Siti kuwaambia wasichana elfu moja "yeye aliweza", unawahesabu waliopenya na kuwasahau waliobaki jikoni na wimbo wao. Hao hatuwezi kuwataja majina kwa sababu hatukuwahi kuwasikia.

Kwani hasara iko wapi

Kaa usiku mmoja kwenye hoteli yoyote ya ufuo wa Diani, bendi ikipanda. Utasikia Jambo Bwana. Ilitolewa na Them Mushrooms, bendi ya Pwani, mwaka 1982. Ni vijana waliokuwa wakipiga muziki mahotelini, wakatunga kitu kutoka kwenye salamu wanayoisikia kila siku, na wimbo ukazunguka dunia. Heshima yao iko palepale. Lakini ni zaidi ya miaka 40 sasa, na mgeni akishuka Ukunda bado tunampokea kwa wimbo ule ule.

Si kwamba hatuna la kusema. Mtu wa Kwale wa leo amekulia kati ya msikiti na ufuo, kati ya sengenya na biti za simu, kati ya Kidigo cha bibi na Kiswahili cha tuktuk. Wimbo wa mtu huyo bado haujatungwa wa kutosha. Na wimbo hautungwi na hamu. Unatungwa na mtu aliyepata dakika 40 ambazo hakuna aliyemtuma, leo, kesho, na wiki inayofuata. Tukizigawa hizo dakika kwa nusu ya vijana pekee, tutapata nusu ya nyimbo.

Basi tufanyeje

Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalotaka pesa.

Wewe kaka unayeamka kutunga: chagua asubuhi mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, ambazo jiko na maji ni yako. Hata kama dadako haimbi. Atalala, atasoma, atajua mwenyewe. Na usitangaze. Hakuna anayepiga makofi dada akichota maji.

Wewe mzazi, mjomba, shangazi: mtoto akikuambia ana dakika 40 asubuhi, usimtume ndani ya hizo dakika. Maziwa yatanunuliwa saa 1. Hujui kama ni mwanamuziki ama si mwanamuziki, hata yeye hajui. Lakini kijana aliyefundishwa kwamba muda wake unaheshimiwa, hata akija kuwa fundi ama nesi, atajua kuheshimu wa wengine.

Wewe dada: omba. Najua ni vigumu, najua utaulizwa "muziki wa nini". Omba dakika 20 badala ya saa nzima, taja siku, taja lini utarudi kwenye kazi. Ombi lenye mwisho hupita kirahisi kuliko ndoto isiyo na mwisho. Wakikataa, jikoni na simu, huku ukiendelea kuomba.

Na wote kwa jumla, leo usiku kabla hujaweka alamu, angalia nyumbani kwenu uhesabu: kesho saa 11 nani atakuwa macho, na kila mmoja atakuwa macho kwa ajili ya nani? Ukikuta kuna mmoja ambaye kila siku yuko macho kwa ajili ya wengine tu, anza na huyo. Weka alamu yako mapema nusu saa, na hiyo nusu saa iwe yake.